Kwa nini anayeonewa ndiye anahamishwa shule, na aliyemwonea anabaki?

#1 Shangazi wa Tabata
Wakuu, heshima kwenu.

Mtoto wa kaka yangu yuko kidato cha kwanza, shule ya bweni. Shule siitaji wala mkoa siutaji, maana mtoto bado yumo humo. Usiku mmoja taa zikiwa zimeshazimwa, vijana wa kidato cha tatu walimtoa kitandani wakampiga kwa mikanda, kisa alifunga tranka yake akagoma kutoa sukari. Ngoma ya sikio imetoboka. Habari tulizipata kwa mzazi mwingine, siyo kwa shule.

Tulipofika tulipokelewa vizuri, soda zikaletwa, tukaambiwa suala limeshughulikiwa: wahusika wamechapwa mstarini na wameomba msamaha. Halafu mkuu wa shule akatushauri, kwa upole kabisa, tumtafutie kijana uhamisho kwa usalama wake. Aliyepigwa afungashe, waliompiga waendelee na masomo.

Hoja yangu ni hii, na anayeipinga aipinge kwa hoja. Shule zetu haziwawajibishi waonevu kwa sababu ukiandika kwenye faili kwamba mwanafunzi fulani alimtoboa mwenzake sikio saa 5 usiku, itabidi uandike pia mtu mzima wa zamu alikuwa wapi saa 5 usiku. Ndiyo maana kila kitu kinamalizwa kwa mdomo.

Mnaonaje? Na mwenye uzoefu anieleze, tuanzie wapi?

#2 Bwana Shamba
Pole sana dada. Kabla hatujafika mbali: PF3, ile fomu ya polisi ya kupelekea hospitali, mlichukua?

#3 Mzee Kigoda
Poleni. Kwa sikio wamevuka mpaka, hilo nakubali. Lakini tusigeuze kila jambo kuwa kesi. Sisi miaka ya 80 ukifika njuka, yaani mgeni wa kidato cha kwanza, unawachotea maji kaka wakubwa, unafua, unaimbishwa juu ya kitanda, na tulitoka salama. Ilitukomaza. Wengi wetu leo tuna vyeo na familia.

#4 Njuka_2003
Mzee Kigoda shikamoo. Mzee wangu, hapo unawahesabu waliobaki tu. Darasani kwetu alikuwepo kijana aliyeongoza mtihani wa muhula wa kwanza. Usiku alikuwa anaamshwa "kuogelea" kwenye sakafu kavu huku watu wamekaa vitandani wanacheka. Likizo ya Juni alikwenda kwao na hakurudi. Mstarini hakutajwa, godoro lake akapewa mtu mwingine. Huyo hayupo humu jukwaani kukuambia kama ilimkomaza.

#5 Mzee Kigoda
Marahaba. Nimekusoma.

#6 Kiranja Mstaafu
Nimekuwa kiongozi wa wanafunzi O-level na A-level, acha nieleze kilivyo kwa ndani, maana naona watu wanadhani waonevu ni watoto wachache watukutu.

Shule ya bweni inaendeshwa na wanafunzi. Kuamsha watu alfajiri ni kiranja. Usafi ni kiranja. Foleni ya ugali ni kiranja. Rokoo (kuita majina) ya usiku ni kiranja, na anayeandika majina ya wapiga kelele ni kiranja. Mwalimu wa zamu anatokea prepo (masomo ya usiku), anazunguka madarasa, anaondoka. Sasa wewe una miaka 17, umekabidhiwa bweni zima, ukiambiwa kesho asubuhi nikute kimya na nikute pamefagiliwa. Hukupewa mafunzo, hukupewa kitu chochote zaidi ya jina la cheo. Utatumia nini? Utatumia fimbo. Na mwalimu anajua unatumia fimbo, ila hataki kuiona.

Kwa hiyo yule wa kidato cha tatu akichukua sukari ya mdogo wake, anafanya bila cheo kile ambacho kiranja anakifanya na cheo. Ukimfukuza huyo mmoja, kiti chake kinajazwa kabla ya muhula kuisha.

#7 Dada Neema
Kiranja Mstaafu maelezo mazuri, ila umeruka kitu. Hiyo fimbo kiranja kaitoa wapi? Kamwona mwalimu. Mtoto anachapwa kwa kuchelewa, kwa kufeli, kwa kuongea lugha ya nyumbani. Ameshafundishwa kwamba mwenye nguvu akikasirika anapiga. Halafu hao vijana wa Shangazi adhabu yao ni kuchapwa mstarini mbele ya shule nzima! Fundisho wamelipata lile lile walilokuwa nalo.

#8 Baba Ketto
Viboko vina sheria yake jamani, siyo kila mwalimu anaruhusiwa. Ni mkuu wa shule tu, na visizidi sita.

#9 Wakili wa Msasani
Vinne, siyo sita. Sita ilikuwa zamani. Kanuni za 2002 zinasema visizidi vinne, atoe mkuu wa shule au mwalimu aliyeruhusiwa na mkuu wa shule kwa maandishi, na kila adhabu iandikwe kwenye kitabu. Mwanafunzi kumchapa mwanafunzi hakumo kabisa, awe kiranja au kaka mkuu. Ni shambulio kama shambulio la mtaani.

Turudi kwa Shangazi. Hapo kuna kosa la jinai. Kanuni ya Adhabu inasema mtoto chini ya miaka 10 hawajibiki kabisa, na wa miaka 10 hadi chini ya 12 anawajibika tu ikithibitika alijua anachofanya ni kosa. Kidato cha tatu wana miaka 15, 16, 17. Wanashtakiwa, ila katika Mahakama ya Watoto chini ya Sheria ya Mtoto ya 2009, na afisa ustawi wa jamii anahusika. Mtoto hafungwi jela. Mahakama inaweza kumwachia kwa masharti, kumweka chini ya uangalizi au kumpeleka shule ya maadilisho, na nchi nzima tunayo moja, Irambo kule Mbeya.

Kwa hiyo wanaosema "mnataka kuwafunga watoto" watulie. Kuripoti polisi siyo kumfunga mtu. Ni kuhakikisha kuna karatasi ambayo shule haiwezi kuichana.

#10 Baba Ketto
Ahsante wakili, vinne.

#11 Mwalimu wa Zamu
Naombeni na sisi tusikilizwe. Mimi ni mwalimu, na nimewahi kuwa patroni, yaani mwalimu msimamizi wa mabweni. Mabweni manne, patroni mmoja, na huyo patroni mchana ana vipindi kama wengine. Nyumba ya mwalimu iko mbali na mabweni. Umeme ukikatika hakuna jenereta. Posho ya upatroni kwenye shule nyingi ni maneno ya shukrani tu.

Shangazi anauliza mtu mzima alikuwa wapi saa 5 usiku. Alikuwa amelala, dada yangu, maana saa 11 alfajiri anatakiwa kuamka. Simtetei aliyekunyamazisha kwa soda, hilo ni kosa kubwa. Lakini ukitaka mtu mzima awe macho bwenini, lazima awepo mtu aliyeajiriwa kwa kazi hiyo na kulipwa kwa kazi hiyo. Hilo shule za wamisionari wengi wanalo, ndiyo maana wazazi wanapanga foleni huko.

#12 Dada Neema
Mwalimu, nimesoma kwa masista. Sista alikuwa anazunguka na tochi kweli, kupigwa hakukuwepo. Lakini kutengwa kulikuwepo. Msichana mmoja alikojoa kitandani wiki ya kwanza. Hadi tunamaliza kidato cha nne alikuwa anakula peke yake. Jina aliloitwa silisemi hapa. Hakuna kovu, hakuna PF3, na hakuna mtu wa kumwajibisha maana kila mmoja "hakufanya kitu". Mnapozungumza mikanda mkumbuke na hili, mabweni ya wasichana yanaendeshwa kwa mdomo.

#13 Omosh wa Kayole
Salamu kutoka Nairobi. Huku njuka wanaitwa mono, na mambo ni yale yale. Tofauti labda ni kwamba kwetu yamefika magazetini. Mapema 2017 Alliance High, ile ya Kikuyu, shule yenye jina kuliko zote nchini, ilibainika wanafunzi wa kidato cha kwanza wanateswa usiku na wakubwa wao, viranja wakiwemo. Wizara ikatuma wachunguzi na mkuu wa shule akastaafu mapema. Kwa hivyo Shangazi ako sahihi kwa upande mmoja: bila gazeti, hakuna faili.

Lakini viranja nao si wa kuonewa wivu. Nyeri High mwaka wa 2001 wanafunzi waliwafungia viranja kwenye vyumba vyao wakawachoma. Sitaki kusikia mtu akisema uonevu unakomaza. Unakomaza hasira.

#14 Mwana wa Murang'a
Omosh, rekebisha hapo. Nyeri ilikuwa Mei 1999, na waliokufa ni viranja wanne. Mwaka wa 2001 ni Kyanguli, Machakos, bweni lilichomwa moto, wavulana 67 wakafa. Visa viwili tofauti. Kyanguli walikuwa wamekasirikia uongozi wa shule, siyo viranja.

Na ni vizuri kuongeza: tangu 2009 tulianza kuachana na viranja wa kuteuliwa na walimu, tukaingia mabaraza ya wanafunzi ya kuchaguliwa kwa kura. Alliance yenyewe ilikuja kutokea miaka minane baadaye. Kwa hivyo ile dawa ya "wachaguliwe" peke yake haijatibu.

#15 Omosh wa Kayole
Sawa kabisa, 1999. Shukrani.

#16 Kiranja Mstaafu
Mwana wa Murang'a, kuchaguliwa hakuwezi kutibu kama kazi ni ile ile. Tatizo si nani kamweka, ni kazi aliyopewa. Ondoa ulinzi wa bweni mikononi mwa mtoto, ndipo uone.

#17 Mwalimu wa Zamu
Ukishauondoa unauweka mikononi mwa nani? Tunarudi kwenye bajeti.

#18 Mkimbizi wa Baridi
Wakuu habari. Niko Bergen, Norwei, na watoto wangu watatu wanasoma huku. Nitaje jinsi wanavyofanya, si kwa kujisifu.

Mwaka 1982 wavulana watatu kaskazini mwa nchi hii walijiua, na ikaonekana walikuwa wakionewa shuleni. Mwaka uliofuata serikali ikaanzisha kampeni ya nchi nzima, na profesa Dan Olweus wa hapa Bergen akaunda mpango wa shule ambao baadaye ulisambaa hadi Marekani. Msingi wake ni kwamba watu wazima ndio wanaobeba jukumu: wawepo uwanjani, kwenye korido, kila mahali watoto wanapokaa bila mwalimu.

Ila kilichonisaidia mimi ni sheria ya 2017. Mtoto akisema haoni usalama shuleni, inatosha. Hahitaji kuleta ushahidi kwamba ameonewa. Kila mfanyakazi wa shule, hata wa usafi, ana wajibu wa kumwarifu mkuu wa shule. Shule inatakiwa itoe mpango wa maandishi ndani ya siku chache: nini kitafanyika, nani atafanya, lini tutaangalia kama kimesaidia. Ikipita wiki tangu umwambie mkuu wa shule na huoni kitu, unapeleka suala ofisi ya serikali ya mkoa, nao wanaweza kuipiga shule faini.

Binti yangu alikuwa anasemwa nywele. Nilipata karatasi ya mpango, ina majina ya walimu na tarehe. Hakuna mtoto aliyechapwa wala kufukuzwa. Iliisha? Ilipungua sana, haikuisha.

#19 Bwana Shamba
Norwei wana mafuta bwana. Sisi hata chaki tunagawana.

#20 Mkimbizi wa Baridi
Hahaha mkuu, karatasi moja yenye majina na tarehe haihitaji kisima cha mafuta. Patroni wa kulipwa anahitaji bajeti, hapo nakubaliana na Mwalimu. Lakini kumwandikia mzazi barua kwamba tumepokea malalamiko yako tarehe fulani na fulani anayashughulikia, hilo linahitaji kalamu.

#21 Mama Dulla
Nimesoma kimya kimya, ngoja nichangie upande ambao hamjausikia. Mwanangu ndiye aliyefukuzwa.

Kidato cha tatu. Walimpiga mwenzao, wanne. Bodi ikakaa, wawili wakafukuzwa, wawili wakasimamishwa wiki mbili. Wale wawili wa kusimamishwa, baba zao wanajulikana wilayani. Wangu hana baba. Sikukata rufaa, sikujua hata kama ipo. Sasa hivi ni deiwaka (kibarua wa kutwa) wa bodaboda, na rafiki zake wa kijiweni ni wale ambao mngependa asikutane nao. Aliyepigwa namuombea kila siku, mama yake nilimfuata nikampigia magoti. Lakini huku kufukuza mnakokushangilia, jamani, mtoto hajawajibishwa, kahamishiwa kwangu na mtaani. Hakuna aliyekaa naye kumuuliza kwa nini. Nilipokuja kumuuliza mimi, nikagundua kidato cha kwanza alimwagiwa maji ya moto mguuni na hakuniambia. Ana alama mpaka leo.

#22 Njuka_2003
Mama Dulla, Mungu akutie nguvu. Hiyo ya maji ya moto nimeisoma mara mbili.

#23 Wakili wa Msasani
Mama, uamuzi wa kufukuza unapingwa, usikubali mtu akuambie umekwisha. Na kama makosa yalikuwa sawa na adhabu hazikuwa sawa, hiyo yenyewe ni hoja. Nitumie ujumbe pembeni, bila malipo.

#24 Sheha Mdogo
Assalaam alaykum. Natokea Unguja. Mimi naona mnaizungumza shule kama kisiwa. Watoto wanakuja na tabia zao nyumbani. Baba anampiga mama mbele ya mtoto, mtoto anamkuta mdogo bwenini. Madrasa na nyumba zifanye kazi yake kwanza.

#25 Dada Neema
Wa alaykumu salaam. Sheha, wapo wanaotoka nyumba tulivu kabisa na bwenini wanageuka simba. Na mtoto wa Mama Dulla hakujifunzia nyumbani, alijifunzia kwenye mguu wake mwenyewe.

#26 Geek wa Ubungo
Mnazungumzia bwenini tu. Mimi niko shule ya kutwa, na siku hizi uonevu unaendelea wakishafika nyumbani. Wanarekodi mwenzao anapigwa au anavuliwa sketi, wanarusha kwenye kundi la WhatsApp, hadi kesho asubuhi shule tatu zimeshaona. Shule inasema simu haziruhusiwi shuleni kwa hiyo si jukumu letu, mzazi anasema hiyo ni ya shule.

Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, kifungu cha 23, inataja uonevu wa mtandaoni moja kwa moja. Faini isiyopungua milioni 5 au kifungo kisichopungua miaka 3, au vyote. Kwa hiyo ukimtukana mtu kwenye simu una kifungu chako maalum, ukimtoboa sikio bwenini tunakunywa soda.

#27 Wakili wa Msasani
Kifungu kipo, lakini hizo adhabu zimeandikwa kwa mtu mzima. Kwa mtoto tunarudi kule kule Mahakama ya Watoto. Na anayesambaza picha ya mtoto aliyevuliwa nguo ana kesi nzito kuliko hiyo, akiwemo mzazi anayeirusha ukooni "kuonya wengine". Msifanye hivyo.

#28 Baba Ketto
Kidogo nje ya mada: hiyo sukari ilikuwa kilo ngapi? Maana siku zetu ukiwa na kilo mbili na pakiti ya Blue Band wewe ni tajiri wa bweni.

#29 Njuka_2003
Baba Ketto umenikumbusha. Kwetu tulikuwa tunazika sukari kwenye unga wa sabuni. Uji ulikuwa na povu. Ila ukiangalia, karibu kila kisa humu kinaanzia kwenye chakula. Njaa ya saa 4 usiku ni sababu ambayo hakuna aliyeitaja. Chakula cha jioni saa 11, prepo mpaka saa 4, na wenye vitu kwenye tranka ni njuka tu, maana ndiyo kwanza wametoka nyumbani. Walisheni watoto vizuri, nusu ya ubabe itapungua.

#30 Mwalimu wa Zamu
Hiyo ya njaa ni kweli tupu. Shule niliyopo sasa tulisogeza chakula hadi saa 1 jioni na malalamiko ya wizi wa tranka yalipungua. Kupigwa kwa njuka hakukupungua.

#31 Shangazi wa Tabata
Ahsanteni wote, sikutegemea uzi ufike huku.

Bwana Shamba: PF3 tumechukua, tulichelewa lakini tumepata, na daktari ameandika sikio. Ripoti tumewapa dawati la jinsia na watoto la polisi. Kaka ameandika barua kwa Afisa Elimu, nakala kwa bodi, ameomba majibu kwa maandishi. Mkuu wa shule alipiga simu jioni hiyo hiyo kuuliza kwa nini tumefika huko wakati tulikuwa tumeelewana.

Mama Dulla, maneno yako yamenikaa. Sitaki watoto wale wafukuzwe. Nataka wakae mbele ya kijana wetu na wazazi wao, matibabu yalipwe, na wahamie bweni jingine. Na nataka jina la aliyekuwa zamu.

#32 Omosh wa Kayole
Kwa yeyote ambaye mtoto wake anaogopa kusema: 116, namba ya simu ya msaada kwa watoto, ni bure, Tanzania na Kenya pia. Mfundisheni mtoto hiyo namba kabla hajafunga sanduku. Na huku kwetu fomu ya polisi ni P3, isije mtu akachanganyikiwa.

#33 Kiranja Mstaafu
Wahame bweni! Shangazi, hapo umepiga penyewe. Ufaransa mwaka 2023 walitoa agizo kwa shule za msingi kwamba anayeonea ndiye anaweza kuhamishwa shule, siyo anayeonewa, hata wazazi wake wakikataa. Kwetu hata bweni tu ingekuwa hatua.

#34 Mama Dulla
Na huko anakohamia anamkuta nani? Watoto wengine wadogo. Mmewapa taarifa wazazi wao?

#35 Mwalimu wa Zamu
Hilo ndilo lilitushinda. Tulihamisha wawili wakaenda bweni B, mwezi haukuisha wazazi wa bweni B wakaja na gari mbili getini. Walikuwa na haki. Tukamrudisha mmoja bweni A, mwingine akalala zahanati ya shule hadi mtihani wa kidato cha nne. Kama kuna mwalimu humu ambaye shule yake ilipata njia nyingine, naomba aandike, nina kikao cha nidhamu Ijumaa.

#36 Sheha Mdogo
Mwalimu, jaribuni kumpa kila mmoja mlezi wake, mwalimu mmoja anayekutana naye kila wiki, na yule aliyepigwa naye awe na wake. Kwetu ipo shule inafanya hivyo. Bado ni mapema kusema.

#37 Mwalimu wa Zamu
Nimeandika. Walimu tuko 19, wanafunzi 800 na kitu. Nitaanza na hao wawili.